Mzunguko wa Vidole Vitatu

Tarehe 6 Februari

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia kwa mkono, maana salamu ninazotuma kupitia simu ya mkaza mjomba zinakufikia nusu, na hizo zinazofika najua anaziongezea chumvi. Mtu amewafungia watu simu miaka thelathini na minane, mwenyewe hataki hata moja ndani ya nyumba. Mama anasema ni ukaidi. Mimi nakutetea, lakini kwa shida.

Huku hatujambo. Goti la Mama limepungua uvimbe na sasa anashuka ngazi mwenyewe, hatua moja moja, huku akimlaani aliyejenga ghorofa nne bila lifti. Anakusalimu sana na anauliza kama ni kweli ulipanda juu ya paa na umri huo. Nimemwambia simjui mtu kama huyo.

Habari yenyewe ni kazi. Ile hospitali niliyokuambia wamenichukua, kitengo cha kompyuta, na wiki ya kwanza tu nimekabidhiwa kazi ambayo mkuu wangu anaiita ya kiume. Huyu mkuu tunamwita Bwana Tai, kwa sababu hata akienda kukagua bomba la maji machafu anavaa tai. Hospitali ina majengo mawili, wodi upande huu na maabara upande ule, katikati kuna ua mpana na njia ya magari. Kompyuta za huku haziongei na za kule. Damu ya mgonjwa ikipimwa, majibu yanaandikwa kwenye karatasi, tarishi anaibeba anavuka nayo ua, na mvua ikinyesha wino unatoka. Juzi mama mjamzito alisubiri jibu moja tangu asubuhi mpaka saa tisa, kumbe karatasi iko mfukoni mwa tarishi aliyekwenda kula.

Zamani walivuta waya wa shaba juu kwa juu, paa kwa paa. Kila msimu wa mvua radi ilipita humo ikaunguza mashine za pande zote mbili. Sasa tunapitisha faiba chini ya ardhi. Hii, Mjomba, ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na kinachosafiri ndani yake si umeme, ni mwanga. Radi haina la kuifanya. Tumechimba mtaro wa mita mia mbili na arobaini. Wachimbaji ni wanne, na mkubwa wao anaitwa Sururu, mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, ila ukimharakisha anaweka chombo chini na kukutazama mpaka uondoke mwenyewe. Bwana Tai aliniambia niwasimamie kutoka juu nisije nikachafua viatu. Nikashuka. Nimepima kina kila baada ya hatua kumi, kwa tepu, kwa mkono wangu, na bomba limelala kwenye mchanga mtupu.

Jana nimeunga nyuzi na kufunga kisanduku cha upande wa maabara. Urefu uliobaki nimeuzungusha vidole vitatu, kama ulivyonifundisha, na kuukaza kwa fundo lako. Chuoni walituambia mzunguko wa faiba uwe mpana, lakini wale hawajawahi kuiona kazi yako, na kisanduku chenyewe ni kidogo, mzunguko mpana ungekaa humo kama nguo za kufua. Wangu umekaa vizuri kiasi kwamba nimeona uchungu kuufunika.

Wasalimie wote.

Mpwa wako,
Koleo


Tarehe 25 Februari

Kwako Koleo, mpwa wangu,

Marahaba sana. Barua yako imenifikia ikiwa imekunjwa mara nne na mtu wa posta ambaye nadhani alikuwa akitafuta nafasi ya kuikunja mara ya tano. Sisi tu wazima. Mkaza mjomba wako ameanza kufuga kuku, wako kumi na wawili, na wote wanaamini jikoni ni kwao. Mimi ndiye mgeni.

Kuhusu paa, mwambie dada yangu nilipanda. Lilikuwa linavuja, na fundi niliyemwita alisema wiki ijayo mara tatu. Nimeziba. Nilipotaka kushuka ngazi haikuwepo. Mkaza mjomba wako alikuwa ameiondoa, akaniambia nikae huko nitafakari. Nilikaa mpaka jirani alipopita. Sikutafakari chochote.

Simu sitaki, na usinitetee. Nimesikiliza kelele za watu wengine maisha yangu yote ya kazi, sasa nataka mtu mwenye shida nami akae chini aandike. Ona wewe umeandika kurasa mbili.

Nimefurahi kuhusu ule mzunguko kuliko nilivyofurahi kuhusu kazi yenyewe. Wenzangu ofisini waliniita Vidole Vitatu, na si kwa mzaha. Raundi saba kwenye vidole vitatu vya mkono wa kushoto, fundo moja la uzi wa nta, basi. Wakaguzi walikuwa wakifungua kisanduku popote pale, wakiuona mzunguko ule wanafunga bila kuuliza neno, wanasema huyu ni yeye au ni mtu wake. Nimefundisha watu wengi, na hakuna aliyetoka mikononi mwangu bila kuujua. Chuo chao kisikubabaishe. Waya ni waya, uwe wa shaba, uwe wa kioo.

Huyo Bwana Tai mwache na tai yake. Umefanya vyema kushuka mtaroni.

Mjomba wako


Tarehe 19 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, goti halijambo, ila wamegombana na jirani wa chini kuhusu maji yanayodondoka kutoka kwenye nguo zetu, na sasa salamu zao ni za kukohoa. Kuku wa mkaza mjomba nasikia wameanza kutaga. Mpe hongera.

Mambo yangu si mazuri. Tulipowasha, mtandao ulifanya kazi siku tisa. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto aliona jibu la damu likitokea kwenye kompyuta yake kabla mtoto hajamaliza kulia sindano, akaita wenzake waje waone. Siku ya kumi ukakata. Nikaenda maabara, nikafungua kisanduku nipime, nikakuta mwanga unapita na mtandao umerudi. Nikafunga. Ukakaa saa mbili, ukakata. Tangu hapo ndiyo hali. Nikifungua kuangalia, mzima. Nikifunga, unaweza kukaa saa moja, unaweza kukaa siku nzima, halafu kimya. Tarishi amerudi kuvuka ua na karatasi zake.

Bwana Tai hakusubiri. Amesema faiba imelalia mawe, magari yakipita juu inabanwa, na kosa ni la wachimbaji. Wamefukuzwa wote wanne pale uani, mchana, wagonjwa wanatazama madirishani, na makandarasi wa mji mzima wameandikiwa kwamba hawa watu wanazika waya kiholela. Maana yake hakuna atakayewapa kazi tena. Niliambiwa niandike ripoti ya kuunga mkono. Nikakataa, akaiandika mwenyewe.

Sururu alipokuwa anatoka getini alinisimamisha.

“Wewe ulikuwa mtaroni nasi. Uliona jiwe?”

Nikamwambia sikuona.

“Basi kawaambie,” akasema, akaenda zake.

Nimewaambia. Wananiuliza sasa hitilafu iko wapi. Nimekagua upande wa wodi, nimekagua viungio, nimebadilisha vifaa vya ncha zote mbili. Mjomba, umewahi kukutana na hitilafu inayopona ukiitazama? Nijibu haraka. Hawa watu wananiangalia mimi.

Mpwa wako,
Koleo


Tarehe 8 Aprili

Kwako Koleo,

Marahaba. Nyumbani wazima, isipokuwa kuku mmoja aliyeingia ndani ya redio yangu kwa nyuma akakaa humo kutwa nzima. Mkaza mjomba wako anasema anataka kutaga mahali penye joto. Redio sasa inashika stesheni moja tu.

Nimekutana na hitilafu za namna hiyo mara nyingi. Acha kuzunguka. Kama inapona ukifungua kifuniko, basi imo chini ya kifuniko. Mtaro hauna habari kama kisanduku kiko wazi au kimefungwa, gari likipita linapita vilevile. Mimi niliwahi kuhangaika miezi miwili na kisanduku cha namna hiyo, mwishoni nikakuta sisimizi wamejenga ndani, nikifungua wanatawanyika. Kwa hiyo kagua viungio upya, kagua vumbi, kagua wadudu, kagua kama kifuniko kinabana kitu. Kila kilichomo humo kitilie shaka.

Mzunguko ndio usiuguse. Huo hauna kosa. Ni kitu pekee humo ndani ninachoweza kukuapia.

Na hao wachimbaji usiwaachie mkono. Mtu akikuuliza swali kama lile getini hutakiwi kulala vizuri mpaka umelijibu.

Mjomba wako


Tarehe 2 Mei

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Leo sina salamu nyingi, utanisamehe.

Nimeipata hitilafu. Iko pale ulipoapa kwamba haipo.

Nilifuata ushauri wako nikakagua kila kitu chini ya kifuniko, nikakosa, nikabakiwa na kifuniko chenyewe. Tatizo nikikifunga sioni ndani. Basi saa ya chakula, wenzangu wametoka, nikachukua kifuniko cha bakuli langu, kile cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikakiweka mahali pa kile cha chuma na kukikaza kwa skrubu. Nikafunga mapazia. Tuna kalamu moja ya kupimia, inatia mwanga mwekundu ndani ya faiba; faiba ikiwa nzima mwanga unapita wote unatokea upande wa pili, ikiwa na jeraha unavujia hapo. Nikaiwasha.

Mzunguko wote ulikuwa mwekundu, Mjomba. Raundi zote saba. Mwanga ulikuwa unamwagika pale kwenye vidole vyako vitatu, na kifuniko kilivyozidi kuubana ndivyo ulivyozidi kumwagika. Nikavuka ua kuangalia; upande wa wodi haukufika kabisa. Kioo hakipendi kukunjwa namna ile. Mwanga ukikutana na kona kali unatoka nje badala ya kukata kona. Chuoni walitueleza, na mimi nilikuwepo darasani, nikaandika kwenye daftari.

Nikakata uzi wa fundo, nikazungusha upya kwa upana wa sahani, nikatafuta kisanduku kikubwa zaidi. Imenichukua nusu saa. Leo ni siku ya sita mtandao haujakata hata mara moja.

Nikaenda kwa Bwana Tai nikamwambia kosa ni langu, wachimbaji waitwe. Alitabasamu. Akasema vizuri, mtandao umepona, andika kwamba tumerekebisha chini ya ardhi. Nikamwambia chini ya ardhi hakuna mtu aliyegusa. Akaniambia ripoti yake imeshakwenda juu, imeshasainiwa, na mimi ni mtu mpya mwenye kazi nzuri.

“Kwani hao ni ndugu zako?” akaniuliza.

Nitakwenda kwenye kamati ya hospitali. Nimeshaomba nafasi. Wakinifukuza wanifukuze. Na wewe nakuambia uso kwa uso, ingawa ni kwa karatasi: ulikosea. Mimi nilikosea zaidi, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa vingine nikaona aibu kukuacha. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani kwanza. Sikuandikii kuomba ruhusa. Nakuarifu.

Koleo


Tarehe 11 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Hujanijibu. Nilifikiri ni posta, lakini mkaza mjomba amemwambia Mama kwamba barua ilifika na kwamba umeiweka chini ya redio na huongei na mtu wakati wa kula.

Sisi wazima. Mama na jirani wa chini wamepatana, wameungana dhidi ya jirani wa juu.

Nilisimama mbele ya kamati tarehe 29 Mei. Walikuwa watano, mwenyekiti ni daktari mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hapandishi sauti hata kidogo. Nilikwenda na kipande cha faiba na ile kalamu. Nikafunga mapazia yao, nikazungusha vidole vitatu, nikawaonyesha mwanga unavyomwagika, nikafungua nikawaonyesha unavyorudi. Nikasema hivi ndivyo nilivyofanya mwezi wa pili, ni mimi, wachimbaji hawana kosa, na nilipotaka kusema niliambiwa ninyamaze.

Bwana Tai akainuka. Akasema hakuna fundi mwenye cheti anayeweza kuzungusha faiba namna ile, ni kosa ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halifanyi. Akasema mimi nina moyo laini, nimewahurumia wale wazee, nimebuni kosa nijitwishe. Alisema kwa upole, unaweza kudhani ananisifu. Na nikaona wanamwamini, Mjomba. Kwa sababu anasema kweli. Fundi wa faiba hawezi kufanya vile, labda awe amefundishwa na mtu wa simu.

Mwenyekiti akaniuliza, “Nani alikufundisha kuzungusha hivyo?”

Nikasema sisemi.

Akauliza tena. Nikasema kosa ni la mkono wangu, mkono ndio huu. Akavua miwani, akasema bila jibu la swali hilo hana cha kuwaambia wenzake, na kwamba watakaa tena mwisho wa Julai. Mpaka hapo maneno ya Bwana Tai yanabaki kama yalivyo.

Nimemkuta Sururu anabeba mifuko kwenye ghala la saruji, kibarua cha kutwa. Wenzake wawili wamehama mji. Aliweka mfuko chini akanitazama, nikaondoka.

Mama ameniambia nimwache mdogo wake azeeke kwa amani. Nimemkatalia, na unajua kwamba sijawahi kumkatalia. Lakini sijakutaja. Sitakutaja mpaka uniambie mwenyewe. Ila ujue kwamba kimya chako kina watu wanne ndani yake.

Koleo


Tarehe 3 Julai

Kwako Koleo,

Marahaba, za zote mbili. Sisi wazima. Kuku wamebaki tisa, na mkaza mjomba wako anaishi nami kwa sababu hana pa kwenda, hayo ni maneno yake.

Barua yako ya mwezi wa tano ilinichoma. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya redio. Nilisema huyu mtoto ameharibu kazi anatafuta wa kumwangushia. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Siku kadhaa baadaye mkaza mjomba wako akaisoma bila ruhusa, akanitengea chakula, akakaa mbele yangu asile. Ni mbaya kuliko kugombezwa.

Ya pili ilipokuja nilipanda gari kwenda mjini. Yuko mtu niliyemfundisha mwenyewe, sasa ana mvi na ana duka lake, anawafungia watu faiba. Alinipokea vizuri, akanipa kiti chenye mto. Nikamwambia nipe kipande cha huo uzi wenu na hiyo kalamu nyekundu. Nikazungusha. Vidole vitatu, raundi saba, fundo, nikaubana kwa kiganja kama kifuniko. Ukutani hakikufika kitu. Nikafungua, mwanga ukafika. Nikazungusha tena. Nilifanya hivyo mara sita, kwa sababu nilitaka mara moja tu niwe sahihi, haikuwezekana.

Nikamuuliza yeye huzungusha vipi. Akatazama chini akasema aliacha vidole vitatu miaka kumi na miwili iliyopita, alipoanza kazi ya faiba. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

“Nani angekuambia, Mwalimu?” akasema.

Miaka kumi na miwili watu wananiamkia njiani, wananiita Vidole Vitatu, nami naitika, na kila mmoja wao anajua. Hakuna aliyethubutu isipokuwa wewe. Nimeona aibu, na baada ya aibu nimeona hasira, na hasira ndiyo inayoandika hii barua, kwa hiyo nisikilize.

Siku nilipostaafu wenzangu walinipa fremu ya mbao yenye kioo, ndani yake wameweka mzunguko wangu wa mwisho, na chini kibao chenye jina langu na miaka ya kazi. Umeuona ukutani tangu utotoni. Nimeuondoa, nimeufunga kwa blanketi, nimeutuma kwa kamati yenu pamoja na barua. Nakuandikia hapa nilichowaambia, usije ukasikia tofauti:

“Kwa Kamati. Mimi ni fundi wa simu mstaafu. Mzunguko ulioharibu mtandao wenu ni wangu. Nimewafundisha watu kwa miaka thelathini na minane, wa mwisho ni mpwa wangu, na aliponiandikia kwamba chuo kinafundisha vingine nilimwambia kisimbabaishe. Ushahidi uko ndani ya fremu, vunjeni kioo mpime. Wachimbaji wenu hawana kosa na mmewaaibisha mchana, mbele ya watu. Kama ipo barua ya onyo, niandikieni na mimi. Anwani yangu iko juu. Sihitaji huruma na sihitaji fremu.”

Sasa nitaje. Simama hapo unitaje kwa jina langu lote na la utani juu yake. Nami nimeanza kuwaandikia wale niliowafundisha, mmoja mmoja, niwaambie walioacha walifanya vyema na ambao hawajaacha waache leo. Nimefika wa kumi na tano. Mmoja amenijibu kwa maneno makali. Nimemwandikia kwamba aongeze.

Na mama yako mwambie sijaomba amani.

Mjomba wako


Tarehe 14 Agosti

Kwa Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Mama amesoma barua yako amesimama dirishani, kisha akasema huyo ndiye mdogo wake aliyekuwa akimjua kabla hajawa fundi. Anakusalimu na anasema kuku tisa wanatosha.

Kamati ilikaa tarehe 30 Julai. Fremu yako ilikuwa katikati ya meza. Mwenyekiti akasoma barua yako kwa sauti, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye onyo akasimama kidogo, nadhani alikuwa anazuia kucheka. Nami nikakutaja, jina lote, na la utani juu yake. Bwana Tai akasema barua ya ndugu si ushahidi. Mwenyekiti alinipa kipande cha waya na uzi, akaniambia nizungushe hapo hapo, nimtazame yeye, nisitazame mikono. Nikazungusha. Akauchukua akauweka juu ya kioo cha fremu yako. Raundi saba kwa saba, na fundo limelalia upande uleule. Wote watano waliinama kuangalia. Bwana Tai alikuwa anarekebisha tai.

Basi wameamua. Wachimbaji wameandikiwa kwamba hawana kosa, makandarasi wote wameandikiwa hivyo hivyo, na barua isomwe na Bwana Tai mwenyewe pale uani walipofukuziwa. Mimi nimepewa onyo na nimehamishiwa stoo ya vifaa kwa miezi sita, nisiguse faiba. Onyo nimelikubali kwa sababu ni langu. Ila walikuwa wameongeza sentensi inayosema hakuna mtu aliyenishawishi kuficha. Niliikata kwa kalamu, mstari mmoja mnene, ndipo nikasaini. Mwenyekiti aliona. Aliipokea akaiweka kwenye faili. Kuhusu onyo lako, anasema hospitali haina mamlaka ya kumwonya mtu ambaye haikumwajiri, anaomba radhi.

Kusoma kulifanyika Jumatatu, saa nne asubuhi. Sururu alikuwa amewatafuta wenzake wote, hata wale wawili waliohama, wakasimama wanne juu ya mtaro uliofukiwa, nguo safi, mikono nyuma. Wauguzi walitoka. Wagonjwa wanaoweza kusimama walikuja madirishani. Bwana Tai akatoa karatasi, akasoma haraka, kichwa chini, kama mtu anayesoma masharti nyuma ya tiketi, akaikunja.

Sururu akasema, “Hatujasikia.”

Bwana Tai akatazama huku na huku, akaikunjua, akasoma tena, safari hii polepole. Mimi niliyekuwa hatua tano kutoka kwake nilisikia vizuri.

“Hatujasikia,” akasema Sururu. Hakupandisha sauti. Alimtazama tu, kwa namna ile yake, na safari hii hakukuwa na mahali pa kuondokea, kwa sababu watu walikuwa wamejaa pande zote.

Mara ya tatu aliisoma kwa kupaza sauti, jasho linamtiririka, mpaka watu wa maabara ng'ambo ya ua wakafungua madirisha yao, na neno kwamba hawana kosa likasikika jengo hili na lile. Wale wanne wakaitikia kwa kichwa. Sururu akaichukua karatasi mkononi mwa Bwana Tai, akaitia mfukoni, wakatoka kwa geti kubwa wanaloingilia madaktari. Waliambiwa warudi kazini, wakasema watafikiria.

Watu walipotawanyika, Bwana Tai alinijia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya mtu na mwenzake, kama sasa nimeridhika.

Nikamwambia sijasikia.

Mpwa wako,
Koleo